Safari ndefu ya barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (gari lako, la kukodi, basi, treni au ndege?)

Safari ndefu tunayoiongelea hapa ni ile ambayo huwezi kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kujitesa, tuseme kuanzia kilomita 500 kwenda juu. Maswali hayajapangwa kwa umuhimu, shuka mpaka ulione la kwako.

Nianzie wapi kupanga? Mambo naona ni mengi mno.

Anza na dereva. Wengi wanaanza na gari au na mafuta, wakati kitu kinachoisha kwanza njiani mara nyingi ni dereva mwenyewe. Jiulize mko wangapi mnaoweza kuendesha, na sisemi wenye leseni tu maana kuna mtu ana leseni miaka yote ila barabara kuu hajawahi kuigusa, huyo usimhesabu. Dereva mmoja mzima aliyelala vizuri, mimi naona masaa 8 ya usukani kwa siku yanamtosha kabisa, na hiyo ni pamoja na kusimama kila baada ya masaa mawili. Madereva wa malori na mabasi kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, watu ambao ndo kazi yao, sheria inawabana wapumzike dakika 45 wakishaendesha masaa 4 na nusu, na kwa siku mwisho ni masaa 9, yanaruhusiwa kufika 10 mara mbili tu kwa wiki. Sasa wewe unayeendesha kwenda kazini na kurudi unapata wapi nguvu ya masaa 14 mfululizo?

Ukishajua masaa ya dereva ndo unarudi kwenye ramani kuona siku ya kwanza unafika wapi. Hapo ndo unalala.

Ramani ya simu inaniambia masaa 10, mbona watu wanasema 14?

Kwa sababu simu inahesabu gari lisilosimama. Haijui kwamba utajaza mafuta, utakula, kuna mtu atataka choo dakika ishirini baada ya kutoka sehemu yenye choo. Chukua mfano wa kilomita 900. Simu imekupa wastani wa kilomita 90 kwa saa, lakini ukishaweka miji ya kupita katikati, malori ya kupandia nyuma mlimani na sehemu barabara inapokarabatiwa, wastani wa kweli unashuka mpaka 75 hivi, hayo tayari ni masaa 12 ya gari kutembea. Ongeza vituo vitano vya robo saa na mlo mmoja wa kukaa chini, umefika 14. Hiyo sio safari ya siku moja kwa dereva mmoja, igawe.

Njia ya haraka: chukua muda wa simu, ongeza theluthi moja. Ikiwa mna watoto wadogo ongeza nusu.

Ipi ina nafuu, gari langu, basi, treni au ndege?

Inategemea mko wangapi, na hapa ndo watu wengi wanakosea hesabu. Gari linakula mafuta karibu yaleyale likiwa na mtu mmoja au wanne, ila tiketi inajizidisha kwa kila kichwa. Tuseme mafuta ya kwenda ni sawa na nauli mbili za basi. Ukiwa peke yako umelipa mara mbili ya mtu wa basi na bado umeendesha mwenyewe. Mkiwa wawili mmelingana kwa mafuta lakini bado mnapoteza, maana gari lina oili, tairi na breki zinazolika, kuna ushuru wa barabara mahali ulipo, kuna paking, na kama safari imegawanyika kuna chumba cha kulala. Mkifika watatu au wanne ndo gari linaanza kushinda kweli.

Upande wa muda nao usilinganishe muda wa kwenye tiketi, linganisha mlango kwa mlango. Ndege ya saa moja na dakika ishirini kwa mfano: saa moja kufika uwanjani, masaa mawili unafika mapema na kukaguliwa, kisha ndege yenyewe, dakika arobaini kusubiri begi, saa nyingine kutoka uwanjani mpaka unakokwenda. Masaa sita hayo. Kwa kilomita 300 au 400 gari au treni inaweza kukufikisha kabla ya mtu wa ndege, kwa kilomita 1,500 hapo hamna mjadala panda ndege, labda kama barabara yenyewe ndo unayoifuata.

Treni kama ipo na inafika karibu na unakokwenda mimi naiweka juu kuliko vyote, unatembea, unalala, unafanya kazi kidogo, na kituo kawaida kiko katikati ya mji. Ila usidhani treni siku zote ni haraka. Ile ya Urusi kutoka Moscow mpaka Vladivostok ni kilomita 9,289 na inachukua karibu wiki nzima, watu wanaipanda kwa ajili ya safari yenyewe.

Basi ni la mtu wa peke yake mwenye bajeti ndogo na begi moja. Uliza mambo mawili kabla ya kukata tiketi: linasimama wapi na mara ngapi, na linafika saa ngapi. Basi rahisi linalokushusha saa tisa usiku halafu ukatafute teksi na chumba sio rahisi tena.

Na kuna kitu hakiandikwi kwenye hesabu yoyote, ukifika huko utatembea na nini? Kama unakokwenda ni mjini kwenye usafiri mzuri wa umma, gari litakuwa mzigo, utalipia paking siku nzima halijatembea. Kama sehemu zako zimetawanyika nje ya mji, bila gari utamalizia hela kwenye teksi.

Hesabu ya mafuta inapigwaje?

Kilomita gawanya kwa 100, zidisha kwa lita ambazo gari lako linakula kwa kilomita 100, halafu zidisha kwa bei ya lita. Kilomita 900 kwa gari la lita 8: 9 mara 8, lita 72. Kama wewe umezoea kusema gari linaenda kilomita ngapi kwa lita basi gawanya tu, 900 kwa 12.5 unapata 72 ileile. Ongeza asilimia 15 ya foleni na kupotea njia.

Usichukue namba ya kwenye brosha ya gari, ile imepimwa kwenye mazingira mazuri. Jaza tenki mpaka pampu ijikate, rudisha kile kihesabu kidogo cha kilomita kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako wiki nzima, jaza tena mpaka ikate. Lita ulizoweka gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Hiyo ndo namba ya gari lako wewe na mguu wako.

Nikiongeza mwendo si nitaokoa muda?

Kidogo sana, na unalipia. Upepo unaolizuia gari unaongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka 100 kwenda 120 nguvu ya upepo inapanda kwa asilimia 44. Kwenye kilomita 300 barabara ikiwa nyeupe kabisa utaokoa nusu saa, na barabara nyeupe kilomita 300 ni za kuhesabu. Hiyo nusu saa utaiacha kituo cha mafuta, maana utajaza mapema zaidi.

Nikodi gari au niende na langu?

Kama lako lina umri na hujui tatizo lake litatokea lini, kukodi kuna mantiki, likizima ni kazi ya mwenye gari. Pia ukikodi hiyo kilomita elfu mbili hailiki tairi zako. Lakini bei ya siku unayoiona kwanza sio utakayolipa. Soma haya kabla hujasaini:

- Kilomita zina kikomo au hazina. Kwa safari ndefu kikomo cha kilomita 200 kwa siku kinakumaliza.
- Ukiliacha mji mwingine unaongezewa kiasi gani. Mara nyingine hiyo nyongeza inakaribia bei ya kukodi kwenyewe.
- Bima ipo, sawa, ila likigongwa wewe unaanza kulipa kiasi gani kutoka mfukoni kabla bima haijaingia? Kiasi hicho kwa kawaida kinashikiliwa kwenye kadi yako na huwezi kukitumia mpaka urudishe gari, usije ukapanga kulalia hela hiyohiyo.
- Dereva wa pili ameandikwa? Kama hajaandikwa na akapata ajali, bima inaweza kukataa.
- Linaruhusiwa kuvuka mpaka?

Halafu wakati wa kulichukua piga video, sio picha mbili tatu. Zunguka gari lote polepole, inama upige rimu zote nne na kona za chini za bampa maana mikwaruzo ya ukingo wa barabara inakaa huko, piga kioo cha mbele kutafuta vidoa vya mawe, maliza na dashibodi ikiwa imewaka ionekane kilomita na geji ya mafuta. Wakati wa kurudisha fanya hivyohivyo. Jamaa wa ofisini akisema huu mkwaruzo ni mpya unamwonyesha, mnaachana kwa amani.

Gari la umeme linafaa safari ndefu?

Linafaa kama njia yako ina chaja za haraka, na hili unalihakiki kabla, sio ukiwa umebakiwa na asilimia 12. Kwenye chaja ya haraka betri inaingia mbio mpaka kama asilimia 80 halafu inapunguza sana, kwa hiyo ni bora usimame mara nyingi uchaji kidogokidogo kuliko kukaa kusubiri 100. Baridi inapunguza umbali, mwendo mkali unapunguza umbali, na gari linalopokea kilowati 50 ukilichomeka kwenye chaja ya 150 litapokea 50 zake tu. Kila kituo unachokitegemea kiwe na cha pili cha akiba unachoweza kukifikia, maana chaja mbovu na foleni vipo.

Nikague nini kwenye gari na lini?

Wiki moja au mbili kabla. Usifanye sevisi kubwa jana yake, kwa sababu fundi akisahau kukaza kitu utakigundua katikati ya safari. Fanya mapema, uliendeshe siku kadhaa mjini, lionyeshe kasoro ukiwa karibu na nyumbani.

Oili, maji ya rejeta, breki, betri, waipa, taa zote hadi za breki (mwombe mtu asimame nyuma). Hayo kila mtu anayajua. Tairi ndo watu wanazitazama kwa mbali wakaridhika. Kina cha kashata kwenye nchi nyingi kisheria hakitakiwi kuwa chini ya milimita 1.6, ila kwa mvua usisubiri kufika huko. Pembeni mwa tairi kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne, 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021, ndo umri wake huo. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na mpira umeshakauka, itazame kwa karibu uone kama ina nyufa ndogondogo ubavuni. Upepo unapimwa tairi zikiwa baridi, na kipimo sahihi ni kile cha kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta. Namba iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe ni mwisho wake wa juu, usijaze hiyo. Gari likijaa watu na mizigo stika kawaida ina kipimo chake cha pili, cha juu zaidi, tumia hicho.

Sasa spea. Ishushe uipime upepo kweli. Jaribu jeki, jaribu spana kama inaingia kwenye nati zako, na kama gari lina zile nati za kuzuia wizi utafute ule ufunguo wake mdogo, bila huo spea ni pambo. Magari mengi mapya hayana spea kabisa, yana chupa ya gundi na pampu, na ile haizibi tairi iliyochanika ubavuni. Spea nyembamba ya muda mwisho wake huwa kilomita 80 kwa saa, ni ya kukufikisha kwa fundi basi.

Niendeshe usiku? Barabara si inakuwa wazi?

Inakuwa wazi ila huoni, na mwili unataka kulala. Usingizi una nguvu zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kuna wimbi dogo la mchana, saa nane mpaka saa kumi hivi, lile watu wanasingizia chakula. Anayetoka kazini jioni akaunganisha na safari usiku kucha ameshakaa macho masaa 17 au zaidi, na kufikia hapo umakini unashuka kama wa mtu aliyekunywa pombe. Bora ulale, uamke saa kumi alfajiri, uondoke saa kumi na moja na mwanga uukute njiani.

Nikianza kusinzia nifungue dirisha niweke muziki mkubwa?

Hapana bwana, hiyo inakupa dakika chache tu. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakata mita 28 kila sekunde, ukisinzia sekunde nne umepita zaidi ya mita 110 hakuna mtu kwenye usukani. Toka barabarani sehemu salama, kunywa kahawa, halafu lala hapohapo dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi kwa hiyo unaamka nayo inaanza. Usilale saa nzima ukaamka mzito. Na hiyo ni dawa ya muda, ikirudi tena mpe mwenzio au tafuta chumba.

Barabara iliyonyooka inachosha kuliko ya kona, ndo maana kipande cha Australia kinachonyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja kinaogopwa na watu wazima wenye uzoefu.

Kama navuka mpaka wa nchi?

Pasi na viza kwanza, hilo liko wazi. Kwa gari unahitaji kadi yake, na kama sio la kwako barua ya mwenye gari, na bima inayofanya kazi nchi unayoingia, kwa sababu bima ya nyumbani mara nyingi inaishia mpakani. Leseni ya kimataifa inatolewa kwenye nchi iliyokupa leseni yako, kabla hujaondoka, na haifanyi kazi peke yake, unatembea nazo zote mbili. Ziko za aina tofauti: ya mkataba wa 1949 inadumu mwaka mmoja, ya mkataba wa 1968 inaweza kufika miaka mitatu, uliza nchi unayoenda inakubali ipi. Kuna nchi pia zinataka hati maalumu ya forodha ya kuhakikisha gari utalitoa, hutaliuza huko.

Ukitoka nchi ya kuendesha kushoto kama Uingereza kwenda ya kulia kama Ufaransa, hatari iko asubuhi ya siku ya pili, unatoka paking barabara haina gari lolote la kukukumbusha.

Simu inatosha kwa ramani?

Inatosha kama umepakua ramani ya njia nzima ya kutumia bila mtandao, na kama una chaja ya gari. Ila muulize na mtu aliyepita hivi karibuni, mstari kwenye ramani sio ahadi. Barabara ya Pan-American inayosifiwa kuunganisha Amerika yote inakatika kati ya Panama na Kolombia, kama kilomita 100 za msitu na kinamasi hazina barabara, na wenye magari wanayavusha kwa meli.

Mizigo ipangwe vipi?

Mizito chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma. Keria ya juu inaongeza mafuta na inalifanya gari liyumbe kwenye upepo, kama mizigo inaingia ndani iingie ndani. Jeki, spana na pembetatu visifukiwe chini ya mabegi yote, utakuja kuyashusha barabarani kwenye mvua.

Mtoto anatapika njiani kila safari.

Asitazame simu wala kitabu, atazame mbele mbali. Chakula chepesi kabla, hewa kidogo, simama mara nyingi. Dawa zipo, muulize mfamasia, uzito na umri wa mtoto vina maana. Na kiti chake cha gari hata akilia, asitolewe gari likiwa linatembea.

Gari likichemka au kuzima?

Sindano ya joto ikipanda zima eisii, washa hita mpaka mwisho (ndio, mtaungua, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini), tafuta pa kusimama, zima. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto, maji yale yanaruka yakiwa yanachemka, subiri nusu saa au zaidi. Likizima kabisa washa hazadi, pembetatu weka mbali nyuma, na watu wote watoke wakakae nje ya barabara upande wa mbali na magari. Kukaa ndani ya gari lililosimama pembeni ya barabara kuu ni hatari kuliko kunyeshewa.

Tunaenda marafiki, tunachangiaje?

Kubalianeni kabla. Mafuta, ushuru na paking vigawanywe kwa vichwa vyote, na mwenye gari apunguziwe au atolewe kabisa kwa sababu ya tairi na oili zake. Faini ya mwendo anailipa aliyekuwa anaendesha. Ikitokea tairi imepasuka nani analipa? Jibuni hilo mkiwa bado nyumbani.

Naweza kuchanganya, ndege halafu gari?

Ndiyo na mara nyingi ndo jibu bora kwa umbali mkubwa: ruka au panda treni ile sehemu ndefu ya kuchosha, kodi gari dogo huko kwa siku zile tu unazolihitaji. Pawabenki ibaki kwenye begi la mkononi, kwenye begi la chini ya ndege hairuhusiwi.

Na kurudi je?

Kurudi ndo watu wanakimbia, kwa sababu hela imeisha na Jumatatu kuna kazi. Panga ufike nyumbani siku moja kabla ya siku unayotakiwa kazini, na hela ya chumba cha njiani ya kurudi itoe pembeni kabla hujaondoka, usiiguse.